Namna ya Kufika Dubai kwa Dakika Arobaini, Ukiwa na Siku Nzima ya Kupoteza

Mwongozo huu umeandikwa kwa mtu aliyeko Muscat na ana shughuli Dubai: harusi, mali ya dukani, daktari, au mtoto wa dada aliyepata kazi kule na tangu hapo hapokei simu. Mwenye haraka haumhusu. Mwenye haraka keshafungua simu, keshaandika majina ya miji miwili, keshaona kilomita 348 na saa moja ya ndege, na keshamwambia mwenyeji wake abandike chungu.

Nawe fanya hivyo hivyo. Iamini namba, maana ni namba safi. Hupatikana kwa kuchukua latitudo na longitudo za viwanja viwili vya ndege, kuichukulia dunia kuwa tufe lenye nusukipenyo cha kilomita 6,371, kisha kuvuta uzi mfupi kuliko wote juu ya mgongo wa tufe hilo. Jibu ni kilomita 348, au maili za baharini 188 ukitaka kusikika kama rubani. Ndani ya hesabu hiyo hamna mlima, hamna mpaka, hamna upepo, hamna foleni, wala hamna shangazi. Ndege pia haimo. Kompyuta ingekupa jibu hilo hilo hata kama kati ya miji hiyo hapajawahi kuruka kitu chochote ila kunguru.

Mahali pengine utakuta wameandika 340. Usibishane nao. Chagua iliyo ndogo, uwatangazie watu hiyo.

Kuna jambo dogo la kuangalia kabla hujalipa tiketi. Dubai ina viwanja viwili: kile cha zamani kilichofunguliwa mwaka 1960, na kile cha Al Maktoum upande wa kusini, kilichoanza kupokea abiria mwaka 2013. Nimekaa na ramani nikapima kutoka Muscat hadi kila kimoja, na kwa mstari ulionyooka vyote viwili viko umbali ule ule, kilomita 348 kwa hiki na 348 kwa kile. Kwa hiyo ukikata tiketi ya kiwanja kisicho chako, hesabu yako ya umbali itabaki sahihi kabisa. Utakuwa tu umetua zaidi ya kilomita 40 mbali na aliyekuja kukupokea.

Sasa tuje kwenye muda. Kwenye ratiba utaona saa moja na dakika tano, au na kumi, au na kumi na tano. Gawanya mwenyewe: kilomita 348 kwa saa moja na dakika kumi ni wastani wa kilomita 298 kwa saa. Treni ya Tohoku kule Japani hukimbia hadi 320, tena haina mbawa. Usivunjike moyo. Muda wa ratiba hauhesabiwi tangu ndege iruke. Unahesabiwa tangu isukumwe kutoka getini mpaka isimame kwenye geti la pili. Katikati mna kutambaa lamini, kusubiri zamu ya kuruka, kuruka kwenyewe kwa dakika arobaini na ushei, kusubiri zamu ya kutua, na kutambaa tena upande wa pili mpaka uanze kudhani mnakwenda Abu Dhabi kwa barabara.

Mashirika nayo hayajalala. Hutia dakika za akiba ndani ya ratiba, ili ndege ikichelewa kuondoka iweze bado kufika kwa wakati. Juu ya hapo, kwa kanuni ya biashara hii, ndege iliyofika ndani ya dakika kumi na tano baada ya saa iliyoandikwa huhesabiwa kuwa imewahi. Mwanafunzi angefurahi kusahihishiwa mtihani na watu hawa. Ukisikia mhudumu anatangaza kwa bashasha kwamba mmefika dakika tano kabla ya wakati, piga makofi, maana dakika hizo tano ni zako mwenyewe, zilichukuliwa ulipokata tiketi na sasa unarudishiwa kwa hisani.

Mbona basi wasinyooshe tu? Hapa mwongozo unakutaka ukae kiti cha dirishani. Ukikaa kushoto utaiona milima ya Hajar, ambayo kilele chake, Jabal Shams, kinakaribia mita 3,000. Ukikaa kulia utaiona bahari ya Oman na pwani ya Batinah yenye mitende. Ndege haifuati ule uzi wa kompyuta. Inafuata njia za angani zilizochorwa, inakwepa anga za kijeshi, na inageuka kwanza ili iruke na kutua ikiukabili upepo. Halafu inafika Dubai, na hapo ndipo pana utamu.

Tangu mwaka 2014 kiwanja cha Dubai ndicho kinachoongoza duniani kwa abiria wa kimataifa. Mwaka 2024 walipita zaidi ya milioni 92. Umati wote huo unategemea njia mbili za kurukia zilizolala sambamba, tena karibu mno kiasi kwamba haziwezi kutumika kila moja kivyake kana kwamba mwenzake hayupo. Kwa hiyo ndege yako iliyotoka hapo jirani, ambayo chai yake haijapoa, inaingizwa foleni moja na iliyotoka Sydney na iliyotoka São Paulo. Waongozaji wanaiambia izunguke kidogo. Ukiona kwa mara ya pili jangwa lile lile, na ngamia wale wale wakikutazama, jua kwamba umbali wenu umeshaanza kuzidi 348 na hakuna atakayekutoza nauli ya ziada. Ni bure. Furahia.

Wapo waliolitafutia jambo hili tiba kwa kuongeza ukubwa wa chombo. Tarehe 1 Julai 2019 Emirates ilianza kupeleka Muscat ndege ya A380, ile ya ghorofa mbili, yenye magurudumu 22 na viti karibu 500, na ikatangaza kuwa hiyo ndiyo safari fupi kuliko zote duniani za ndege ya aina hiyo. (Ile 340 niliyokuambia inatoka kwao.) Chombo kilichoundwa kuvuka bara zima usiku kucha kikapewa kazi ya kuvuka milima na kurudi. Jaribu kupata picha: watu mia nne na kitu wanapanda, kila mmoja anatafuta kiti, kila mmoja anaweka begi juu, kila mmoja anamwomba mwenzake apishe, na shughuli yote hiyo inachukua muda karibu sawa na safari yenyewe. Halafu wanashuka.

Kabla ya hapo rekodi ilikuwa ya Dubai na Doha, kilomita 379. Hiyo ilikatika Juni 2017, na haikukatwa na upepo wala na uchakavu wa injini. Tarehe 5 ya mwezi huo Saudi Arabia, Falme za Kiarabu, Bahrain na Misri zilivunja uhusiano na Qatar na kuzifungia anga ndege zake. Hapa nakuomba tuliache kidogo jambo la Muscat, kwa sababu msomaji makini wa umbali hawezi kupata somo tamu kuliko la Doha na Bahrain.

Kati ya kiwanja cha Doha na cha Bahrain kwa mstari ulionyooka ni kilomita 150 hivi. Rubani akishamaliza kuwakaribisha abiria kwa Kiarabu, akiingia kwenye Kiingereza huwa ameanza kushuka. Safari za moja kwa moja zikafa. Lakini Oman na Kuwait hazikuingia kwenye ugomvi, kwa hiyo mtu wa Doha mwenye mgonjwa Bahrain alikuwa na njia: aruke hadi Muscat, kilomita kama 700 kuelekea mashariki, akae ukumbini akanunue kahawa kwa bei ya kiwanjani, kisha aruke kilomita 800 na zaidi kurudi magharibi, apite karibu na alikotoka, atue. Kilomita 150 zikawa 1,500. Uzi wa kompyuta haukurefuka hata kwa nukta moja. Ukiuliza umbali, jibu lilikuwa lile lile la siku zote. Mkataba wa Al-Ula wa Januari 2021 uliwapatanisha wakubwa, lakini ndege za Doha na Bahrain zilirudi Mei 2023 tu. Ukimkuta mtu aliyekuwa akisafiri hivyo, usimwonyeshe ramani.

Turudi Muscat, maana bado hatujatoka nyumbani.

Mwongozo unapendekeza uanze kwa kuchagua wazazi. Chukua ndugu wawili, tumbo moja, waliozaliwa Unguja. Mmoja alipata uraia wa Oman kupitia kwa babu. Mwingine yuko Muscat kikazi na pasipoti ya Tanzania. Wote wanakaa Al Khoud, wote wanakwenda harusi ile ile, wote wameona kilomita 348. Wa kwanza anaingia Falme za Kiarabu kwa kitambulisho tu: anakiweka mfukoni mwa kanzu, anapita kwenye geti la kielektroniki, geti linamtazama uso na kumfungukia kama mlango wa kwao. Wa pili lazima awe na viza kabla hajaondoka. Kwa hiyo safari yake inaanza siku kadhaa nyuma, mbele ya kompyuta, akipakia picha yenye mandhari nyeupe, ambayo inakataliwa kwa kuwa nyeupe yake haijawa nyeupe vya kutosha. Kisha anasubiri baruapepe. Anafungua simu usiku, anafungua alfajiri, anauliza kama imeingia kwenye taka. Watakaa viti jirani, na wakati wa kushuka huyu wa pili atamwambia mwenzake, "Tangulia bwana, mimi nitakufuata," na mwenzake ataoga, atakula, atalala kidogo, na ndipo atakaposikia hodi.

Mwenye kujali umbali na achague basi babu anayefaa. Viti vya dirishani vitafuata.

Hatua inayofuata ni kumuaga shangazi. Tovuti zote za umbali wa anga zimeisahau, na sijui walikuwa wapi. Kuaga hakufanyiki kwa simu. Utakwenda, utaamkia, utakaa, kahawa italetwa na tende zake, utaulizwa habari za watu ambao wengine walishakufa, na ukitazama saa utaonekana huna adabu. Ukishainuka, ndipo utakapoletewa kopo.

"Shangazi, mimi nina begi dogo tu la mkononi."

"Na hili dogo. Kilo mbili."

"Dubai halua ipo, shangazi."

"Ya Dubai! Wampelekee bi harusi halua ya Dubai, watu waseme hana kwao?"

Hapo hakuna jibu. Halua ya Oman ni sukari, samli, wanga, hiliki, zafarani, marashi na korosho au lozi, imesongwa kwenye sufuria ya shaba kwa masaa, na ikipoa hukaa katikati ya kigumu na kimiminika bila kuamua upande. Kikombe cha kahawa kikiwa mkononi hiyo ni sifa kubwa. Mbele ya mashine ya ukaguzi inakuwa kesi. Kanuni ya mizigo ya mkononi inasema maji, mafuta na vitu vya urojo visizidi mililita 100 kwa chombo. Afisa atalifungua kopo. Atalitikisa. Halua itatikisika, kidogo, kwa heshima. Atamwita mwenzake, naye atalitikisa. Nyuma yako foleni itakuwa imefika mlangoni, na watu wazima waliovua mikanda watakuwa wameshikilia suruali kwa mkono mmoja wakifuatilia hukumu. Mkubwa wao akija, mara nyingi atakuwa ni mtu wa Seeb au Barka mwenye shangazi wake mwenyewe, na hapo lolote laweza kutokea.

Ungeweza kuitia kwenye begi la chini, bila shaka. Lakini tiketi yako ni ile ya bei nafuu, na begi la chini linalipiwa mbali. Ukilinganisha malipo hayo na bei ya halua utaona kwamba ingekuwa rahisi zaidi kumsafirisha bi harusi aje kuila Muscat.

Kuna mchango mmoja wa historia ambao watu hawaushukuru ipasavyo. Zamani kiwanja cha Muscat kilikuwa Bait al Falaj, Ruwi, ndani ya mji, milima imekizunguka pande zote na marubani wakitua kwa dua. Mwaka 1973 shughuli zikahamia Seeb, magharibi ya mji. Kwa kuwa Dubai iko upande huo huo, safari ya ndege ilipungua kwa kilomita ishirini na kitu siku ile ile kiwanja kilipohama. Anayekaa Ruwi anazilipa kilomita hizo hadi leo kwa teksi, jioni, kwenye foleni ya barabara ya Sultan Qaboos. Jengo jipya la abiria lililofunguliwa Machi 2018 ni zuri kweli, na ni kubwa kiasi kwamba kutembea kutoka ukaguzi hadi geti la mbali kunastahili kuhesabiwa kama safari ya ndani ya nchi.

Ukijumlisha sasa: kuaga, teksi, kufika mapema kama walivyoamuru, kaunta inayofungwa saa moja kabla, halua, geti linalofungwa dakika ishirini kabla, kuruka, kuzunguka, kutua, foleni ya pasipoti. Saa sita si ajabu. Kilomita 348 kwa saa sita ni mwendo wa kilomita 58 kwa saa, ambao hata kamera za barabarani za Oman hazihangaiki kuupiga picha.

Mjuaji mmoja atakwambia basi nenda kwa gari. Ni kilomita 450 hivi kupitia Sohar na mpaka wa Hatta, masaa manne na nusu au matano ukiwa huna jambo, na barabara ni nzuri. Yuko sahihi, na kwa sababu hiyo usimsikilize. Gari linahitaji bima inayovuka mpaka, mpakani mna foleni yake na ada zake, na zaidi ya yote ukienda kwa gari shangazi ataongeza makopo hadi buti likatae kufunga. Basi la abiria lipo pia. Reli inajengwa, kati ya Sohar na Abu Dhabi, yaani kutoka mahali ambapo hukai hadi mahali ambapo huendi.

Usisafiri siku ya ukungu. Dubai asubuhi za baridi huwa nao, na ndege hubaki juu zikisubiri kuona chini. Usisafiri siku ya mvua pia. Utacheka, mvua gani jangwani, lakini Aprili 16, 2024 ilinyesha Dubai mvua ambayo haikuwa imeonekana kwa miaka 75 ya kuweka kumbukumbu, ndege zikawa zinatambaa kwenye maji kama majahazi, na safari nyingi zikafutwa au kuelekezwa kwingine. Siku hiyo kilomita zilikuwa 348 vile vile.

Safari yenyewe angani haina mengi. Mkanda unafungwa, mhudumu anapita mbio na juisi kwa sababu ana dakika chache kuliko wewe, unatoboa kifuniko, ndege inaanza kushuka, anarudi mbio kuchukua kikombe ambacho hujanywa. Usilale. Ukilala utaamshwa ndani ya ndoto ya kwanza. Saa usigeuze, Muscat na Dubai zina saa moja, na hilo ndilo jambo pekee katika safari hii lililofanywa kukurahisishia.

Ukishatua, mpigie simu mwenyeji. Kiwanja cha Dubai kina majengo matatu ya abiria, na utakakoshuka kunategemea shirika: Emirates wako jengo la tatu, mashirika mengi ya nje la kwanza, na la pili, wanalotumia sana flydubai, liko upande wa pili kabisa wa njia za kurukia. Kutoka jengo la pili hadi la tatu hakuna njia ya mguu. Unazungushwa kwa barabara, na kama ni saa za watu kutoka kazini utapata nafasi ya kuzitazama ndege zikitua moja baada ya moja upande ule ulipopaswa kuwepo.

Mwenyeji wako hakukuuliza jengo gani. Nawe hukumwambia, kwa sababu ulikuwa ukimweleza kwamba ni saa moja tu. Amepaki, na mita ya maegesho inahesabu.

"Uko wapi, ami?"

"Niko hapa nje, mlangoni. Wewe uko wapi?"

"Na mimi niko hapa hapa nje, mlangoni."

"Mbona sikuoni? Nimevaa kanzu nyeupe."

"Inua mkono, ami."

Inua mkono. Ule wenye kopo.